Macho Makubwa ya Kijapani na Miamba ya Kondoa

Ndugu msomaji, haya nayaandika kutoka Dodoma, mbali na bahari, lakini nawakusudia ninyi watu wa pwani, wa Tanga na Bagamoyo, wa Unguja na Pemba, wa Mombasa na Lamu, kwani yanayopita katika nyumba za huku bara ndiyo hayo hayo yanayopita katika nyumba zenu. Jambo lenyewe ni michoro. Nakusudia ile michoro ya Kijapani, ambayo iliyo vitabuni wenyewe huiita manga, na iliyo hai katika televisheni na simu huiita anime. Ikiwa wewe ni mzazi na majina haya hujapata kuyasikia, muulize mtoto wako wa miaka kumi na mitatu, naye atakueleza mpaka usingizi ukuchukue.

Vijana huku twawasikia baada ya darasa la alasiri wakishindana. Wala hawashindani juu ya hadithi tu, nani kampiga nani. Washindana juu ya mkono wa mchoraji. Mmoja apenda mistari misafi ya Akira Toriyama, aliyefariki 2024, mtungaji wa Dragon Ball. Wa pili amsifu Eiichiro Oda, anayeendelea na One Piece yake tangu 1997, ambaye kurasa zake zimejaa hata hupati pa kuweka kidole. Wa tatu asema hao wote hawajui kitu, na uzuri hasa ni zile filamu za Hayao Miyazaki ambazo mawingu na majani yake yamepakwa rangi kwa mkono. Kisha hugeuka kwa mwalimu: "Maalim, hebu amua wewe!"

Wazee nao wamekaa kando wamenuna. Na hapa ndipo ugomvi wangu unapoanza, nao si ugomvi na watoto. Mtoto anayeweza kutofautisha mkono wa fundi huyu na mkono wa fundi yule ana jicho, na jicho ni neema. Babu zetu walikuwa wakiutazama mlango wa Lamu na mlango wa Unguja wakajua, kwa nakshi tu, upi ni wa wapi. Ugomvi wangu ni na baba na mama, na baadhi ya sisi walimu.

Wazazi katika jambo hili ni wa namna mbili. Yuko anayepiga kelele, "Haramu! Zima hicho!" kisha siku ya kufungua shule humnunulia mwanawe mkoba wenye uso ule ule, mwenye nywele zilizosimama kama miiba ya nungunungu, kwa kuwa mkoba ule ulikuwa rahisi. Na yuko anayempa mtoto simu baada ya magharibi ili apate kutulia na wageni wake, asiulize kinachotazamwa mpaka saa nne za usiku. Watu hawa wawili wajiona kuwa ni mbali na mbali. Mimi nasema ni ndugu wa tumbo moja, kwa sababu wote wawili hawajapata kukaa hata robo saa wakakitazama wanachokikataza au wanachokiruhusu.

Suala la sharia silikimbii. Maulamaa wamesema mengi juu ya taswira. Sanamu zenye kiwiliwili wamezikataza kwa kauli nzito. Kuhusu picha iliyo bapa, isiyo na kivuli, wamehitilafiana. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu wengi wa mwambao, yana ukali zaidi juu ya picha ya chenye roho. Wengi wa Wamaliki wamelegeza wakasema ni jambo lisilopendeza. Kila mwanafunzi wa chuo amesoma habari ya pazia la Bibi Aisha lililogeuzwa mito, na habari ya wanasesere wake, na ya Ibn Abbas kumwelekeza mchoraji kwenye miti na visivyo na roho. Mlango wa fatwa sifungui hapa. Mwenye haja na amwendee mwalimu wake. Nasema hivi tu: hata aliyeshika kauli iliyo kali kuliko zote, ukali wake haumpi ruhusa ya kutojua. Ikiwa wakataza, basi jua wakataza nini, na umwambie mtoto sababu.

Na wale wasemao kwamba hadithi kwenda pamoja na picha ni bidaa ya Wajapani, nawakumbusha Maqamat ya Hariri. Kitabu hiki wengi wetu tumekisoma, au tumewasikia walimu wetu wakikisifu kwa Kiarabu chake. Mwaka 1237, Yahya al-Wasiti alikinakili na kukijaza picha, na nakala yake iko Paris hata leo katika maktaba ya taifa ya Ufaransa. Yumo Abu Zayd, yule mjanja wa maneno, akihutubia msikitini. Limo kundi la ngamia ambalo shingo zao zapishana na miguu yao imesimama kama msitu. Ni kazi ya Mwislamu, katika kitabu cha Mwislamu, zaidi ya miaka mia tano kabla ya Hokusai kutoa vitabu vyake vya michoro kule Japani 1814. Sisemi kazi ya al-Wasiti ni hoja ya sharia. Nasema ni historia, na asiyeijua asiwatishe watoto kwa historia.

Haya, sasa tuje kwa yule mzazi wa simu. Wewe umedhani kwamba kitu kikichorwa, basi ni cha watoto. Nani aliyekwambia? Wajapani wenyewe hawasemi hivyo. Magazeti yao ya michoro yamegawanywa: haya ya wavulana, yale ya wasichana, mengine ya wanaume watu wazima, mengine ya wanawake watu wazima, na katika hayo ya watu wazima kuna mambo ambayo kalamu yangu haitayaandika. Yako magazeti ambayo mwanamke amechorwa makusudi ili avuliwe nguo kwa jicho. Mchoro wa namna hiyo una mtindo wake, nao ni mtindo mzuri kwa ufundi, na hapo ndipo sumu ilipo. Uso ni wa mtoto, macho ni ya mtoto, kiwiliwili si cha mtoto. Binti yako akiuona uso ule mtamu huvutwa, nawe waona rangi za waridi tu ukapita. Lau ungekaa naye robo saa ungejua kwamba katuni ya mpira aliyoikuta shangazi yake Maskati, ile ya Kapteni Majid ambayo kwa Kijapani ni Captain Tsubasa, haifanani hata chembe na hii. Ndugu zetu wa Omani wa umri wa makamo wamekua na Majid huyo, na kabla yake na Grendizer aliyesema Kiarabu fasaha kutoka studio za Beirut, na wengi wao Kiarabu chao sanifu kimepata faida. Michoro haiko kapu moja.

Sasa nawageukia ninyi vijana, nanyi msicheke kwa kuwa nimewasuta wazazi wenu.

Mmesema mwapenda macho makubwa. Mwajua yametoka wapi? Osamu Tezuka, aliyezaliwa 1928 na kusomea udaktari, alikulia mji wa Takarazuka ambako kulikuwa na jumba la maigizo ambalo waigizaji wake wote ni wanawake, nao hujipamba macho yaonekane hata kwa mtu wa safu ya mwisho. Tena alizipenda mno filamu za Marekani za Disney. Baada ya vita Japani ilikuwa maskini, na vitabu vyake vya mwanzo vilipigwa chapa katika karatasi hafifu. Katika picha ndogo, juu ya karatasi mbaya, jicho kubwa lasema upesi: huyu amefurahi, huyu amekasirika. Kisha 1963 akaingia katika televisheni na yule mtoto wake wa chuma, Atomu. Filamu hupita picha 24 kwa sekunde moja. Yeye hakuwa na fedha za kuchora zote hizo, basi akachora nane, mara nyingine pungufu, na pengine akausimamisha mchoro mmoja ukabaki kinywa tu kikicheza. Kule kusimama ghafla ambako ninyi mwakuona ni madaha, asili yake ni mfuko mtupu.

Na nywele za dhahabu za Goku, ambazo mwazichora katika majalada ya madaftari ya hesabu? Toriyama mwenyewe alieleza. Nywele nyeusi zilihitaji kujazwa wino kila ukurasa, kila wiki, na msaidizi wake alikuwa akipoteza muda mwingi. Zikigeuka dhahabu, katika karatasi zaachwa nyeupe. Basi! Mmeabudu uchovu wa kijana mmoja wa Kijapani aliyechoka kupaka wino.

Siwaambii haya ili kuwavunja moyo. Kinyume chake, haya ndiyo yanayonifanya niwaheshimu mafundi wale. Mtindo kwao umetoka katika haja: karatasi ilikuwa hivi, fedha ilikuwa hivi, muda ulikuwa hivi, na fundi akatafuta njia. Lakini wewe uliyeko Chamwino au Chake Chake, unayechora jicho lile lile na pua ile ile kama nukta, ulikuwa na haja gani? Umechukua jawabu la swali ambalo hukuulizwa. Ukimchora bibi yako, humchori bibi yako. Wamchora msichana wa Tokyo aliyevaa kanga.

Kwetu pia walikuwapo watu wenye haja wakatafuta njia. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru akaja Dar es Salaam kutafuta kazi, na kwenye mwaka 1968 akaanza kuchora Msasani. Hakuwa na turubai wala rangi za Ulaya. Alichukua ubao mwembamba wa kujengea dari na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli, akachora chui na ndege na nyoka, na rangi ile ndiyo iliyompa mtindo: mapande mapana, madoadoa, hakuna kivuli. Alikufa 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Mwaka 2010 mtindo wake ukawa katuni ya televisheni, Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi na mafundi wa Kiafrika chini ya kampuni ya Kiingereza. Mtindo wa Msasani ukaenda London, na watoto wa London wakaupenda. Waulizeni vijana wetu wangapi wameiona. Mimi nimeuliza, wakatazamana.

Na kabla ya Tingatinga, kabla ya al-Wasiti pia, walikuwapo wachoraji huku huku katika nyanda za kati. Ukitoka Dodoma ukashika njia ya Babati, wapita Kondoa mjini, kisha yapata kilomita 25 mbele wafika Kolo. Pale milima yainuka upande wa mashariki, ukingo wa Bonde la Ufa, na katika mapango na chini ya miamba iliyoinama kuna michoro. Si mmoja wala kumi. Eneo lililoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006 ni kilomita za mraba 2,336, na mahali penye michoro pakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450, kwani mengine hayajahesabiwa. Umri wake ni maelfu ya miaka kwa iliyo ya kale, na iliyo ya karibuni yafika mpaka nyakati za mababu wa mababu zetu.

Enyi wapenzi wa mitindo, njooni hapa basi. Hapa mikono ni miwili. Mkono mmoja ni wa rangi nyekundu, ya mawe yaliyosagwa, na mstari wake ni mwembamba kama wa kalamu ya mwanzi. Wataalamu wauhusisha na wawindaji wa kale, jamaa za Wasandawe wanaoishi hadi leo upande wa Kwa Mtoro, katika wilaya ya Chemba, wenye lugha ile ya kudodosa ulimi. Wanyama wake wanatambulika mara moja: huyu twiga, huyu tembo, huyu ni yule nyama mkubwa kama ng'ombe aitwaye pofu. Lakini watu! Watu wamerefushwa wembamba kama fito, na vichwani wana nywele au vilemba vikubwa vya ajabu, vya mviringo na vya kusimama. Mwadhani nywele za kusimama zimeanza Japani? Katika pango moja la Kolo kuna watu watano wembamba. Wa katikati amevutwa mkono na wawili huku, na wawili kule. Mary Leakey, aliyeinakili michoro hii mwaka 1951 pamoja na mumewe Louis, aliona ni mwanamke anayenyakuliwa. Waliokuja baada yake wakasema la, hii ni ngoma ya tiba, kama ngoma ya simbo ya Wasandawe, na yule wa katikati amepandwa na hali. Mpaka leo hawajaafikiana. Niambieni, ni ukurasa gani wa manga ambao watu wasomi wamebishana juu yake miaka sabini?

Mkono wa pili ni mweupe, mnene, umepakwa kwa kidole, na pengine umepakwa juu ya ule mwekundu. Huu ni wa wakulima wa Kibantu waliokuja baadaye: alama, miviringo, wanyama kama ngozi zilizotandazwa. Watalii huupita mkono huu bila kuutazama, wakauita mbovu. Mimi naupenda. Una haraka, una nguvu, wala haukuchorwa ili mtu apendezwe.

Nimekwisha kusikia jawabu la wenzangu wengine: "Sheikh, hayo ni mambo ya washenzi na mashetani, yaacheni yafutike." Hili nalijibu kwa uwazi. Masahaba walipoingia Misri pamoja na Amr bin al-Aas, kuanzia 639, walikuta mahekalu ya Mafirauni yamejaa sanamu na picha. Hawakuyaabudu, wala hawakutumia umri wao kuyavunja. Mengi yasimama hata leo. Na Machi 2001, pale watawala wa Afghanistan walipokusudia kuvunja sanamu za Bamiyan, maulamaa walitoka nchi za Kiislamu, miongoni mwao Sheikh Yusuf al-Qaradawi, wakaenda Kandahar kuwazuia. Hawakusikizwa, na dunia ikaona. Kuhifadhi alichoacha mtu aliyekufa kabla ya ujumbe kumfikia si kumwabudu. Ni kusoma habari zake, nasi tumeamrishwa kutembea katika ardhi na kutazama waliokuwa kabla yetu walikuwaje.

Na kama shetani yuko Kolo, basi hayuko katika rangi nyekundu. Mtafuteni katika wale wanaokwenda pale Mungomi kutambika, wakayarushia mawe yale pombe ya mtama ili mvua inyeshe au mgonjwa apone. Na katika hao wamo wenye majina kama yangu na yako, wafungao Ramadhani. Pombe ile yabaki juu ya mchoro, yaula. Hapo pana makosa mawili kwa mpigo mmoja: shirki kwa upande wa dini, na uharibifu kwa upande wa elimu. Mtafuteni tena katika wale wachimba hazina. Kuna uvumi kwamba Wajerumani walipokimbia katika vita vya kwanza walifukia dhahabu chini ya miamba hii, basi watu wamechimba sakafu za mapango, vumbi likapanda juu ya michoro, na udongo ule uliokuwa na habari za wachoraji, makaa yao na zana zao, ukatupwa nje kama takataka. Dhahabu haijaonekana. Wengine huandika majina yao kwa mkaa. Leakey alipotoa kitabu chake 1983 alikiita kwa jina la sanaa ya Afrika inayotoweka, na tangu hapo yapata miaka arobaini imepita.

Nani apige kelele? Sisi. Kondoa ni nchi ya Waislamu wengi, Warangi wana misikiti yao na vyuo vyao tangu zamani za misafara. Hatibu wa Ijumaa anayeweza kutumia nusu saa kuilaani katuni ya Japani, ambayo haiwezi kumsikia, na atumie dakika kumi kumwambia mwenye jembe la kuchimba hazina na mwenye kibuyu cha pombe, ambao wamekaa mbele yake katika safu ya pili na wanamsikia vizuri.

Nanyi wa pwani, tangu 2024 treni ya umeme yatoka Dar es Salaam mpaka Dodoma, na mabasi ya Kondoa na Babati hayakosi. Likizo moja, badala ya kumnunulia mtoto simu kubwa zaidi, mleteni. Pale Kolo kando ya barabara kuna ofisi ya Mambo ya Kale. Hupandi mlimani bila mwongozaji, na viatu viwe vya kupandia. Kijana asiguse jiwe kwa mkono. Na akitokea mtu na chupa ya maji akataka kuunyunyizia mchoro ili rangi ing'ae mpate kupiga picha, mshikeni mkono kabla hajamwaga, kwani maji hayo ndiyo yaliyokwisha kufuta mingi. Kisha mpe mtoto daftari na kalamu ya risasi, akae mbele ya mwamba saa nzima, achore anachokiona si anachokijua. Na ambaye msimamo wa nyumba yake wamkataza kuchora chenye roho, na achore mibuyu. Huku kwetu hatuna uhaba wa mibuyu.